Paka mchanga mwenye ukungu machoni: nianze na vipimo gani?

Mfugaji, Kisumu
Wafugaji wenzangu, hamjambo. Ninaye paka wa miezi mitano, aliyezaliwa na chotara wa Siamese, mbari mojawapo ya paka. Tangu alipokuwa na wiki kama nane uso wake umekuwa bapa kuliko wa ndugu zake, masikio yamebaki madogo, macho yameingia ukungu, na sasa anaburuta miguu ya nyuma. Katika uzao uliotangulia, wa wazazi hao hao, mmoja alikuwa na dalili zizo hizo akafa. Kwa kuwa nilikuwa nikimlisha mapafu ya ng'ombe, daktari alimpa kalisi, lakini wiki sita zimepita na hali inazidi kuwa mbaya. Inaniuma kumtazama. Nianzie wapi?

Daktari wa mifugo, Kakamega
Pole sana, dada. Daktari wako hakukosea kuanza na chakula, kwa maana paka mchanga anayelishwa nyama tupu hukosa kalisi na mifupa yake hudhoofika; lakini upungufu huo hautii ukungu machoni. Dalili hizi zikichukuliwa pamoja, na hasa zikijirudia kwa wazazi wale wale, zinanielekeza kwenye mukopolisakaridosisi, ugonjwa wa kurithi ambao kimeng'enya kimojawapo cha kuvunja sukari ndefu za mwilini hakifanyi kazi, hivyo sukari hizo hurundikana ndani ya seli na nyingine hutoka na mkojo. Aina ya sita inafahamika katika Siamese.

Omba tone la damu litandazwe kwenye kioo, litiwe rangi na kutazamwa kwa darubini: chembe nyeupe zilizojaa punje za zambarau ni ushahidi mzito, na kipimo hiki hakihitaji maabara kubwa. Mkojo nao upimwe kwa rangi ya toluidini bluu. Eksirei itaonyesha kama pingili za mgongo zimeungana. Neva zikibanwa hapo, miguu ya nyuma hulemaa. Uthibitisho wa mwisho ni kupima kimeng'enya au jeni.

Mfugaji wa paka, Nakuru
Dada, tafadhali usiwapandishe tena wazazi hao. Wote wawili huenda ni wabebaji, yaani wana jeni la ugonjwa huu bila kuonyesha dalili yoyote, na kila mtoto wao ana uwezekano wa robo moja wa kuugua na wa nusu nzima wa kuwa mbebaji. Ndugu walio wazima nao wahasiwe.

Mfugaji, Kisumu
Nimeshukuru sana. Mkojo niuhifadhi vipi, daktari?

Daktari wa mifugo, Kakamega
Utie katika chupa safi iliyokauka, uweke kwenye friji, na uufikishe siku hiyo hiyo.