Kidonge cha Baba Mdogo

Mama: Jamani wa kundi, nawaandikia kutoka hospitali: baba yenu amefumbua macho na anaongea. Walipompokea presha ilikuwa 74 kwa 40, sasa imepanda.

Idi: Mungu ashukuriwe!

Baba Mdogo: Wanangu, nisameheni. Kaka alishika kifua tukiwa katikati ya ngazi, nikampa kidonge changu cha kuweka chini ya ulimi. Mimi huwa kinanituliza mara moja. Yeye hata dakika mbili hazikupita, akanilegea mikononi.

Salma: Ba'mdogo, ulitaka kumwokoa, sote tunajua. Kosa ni langu mimi muuguzi wa nyumba hii, nilidhani wote mnaelewa ugonjwa wa Baba. Wako ni wa mishipa ya moyo kuwa myembamba, kidonge kinaitanua na maumivu yanapoa. Wa Baba ni mlango. Vali ya aota, ambayo damu yote ya mwili hupitia ikitoka moyoni, imekakamaa. Vali yenye afya hufunguka sentimita mraba 3 mpaka 4. Kipimo cha eko cha Baba, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kilionyesha 0.7. Ikishuka chini ya 1 tayari ni kali.

Idi: Sasa kidonge na mlango vinagombana wapi?

Salma: Kidonge kile hulegeza mishipa ya mwili mzima, presha inashuka. Moyo wa mtu mwingine ungefidia kwa kusukuma damu zaidi. Wa Baba utaipitishia wapi? Presha inaporomoka na ubongo unakosa damu. Hata moyo wenyewe unakosa, maana nao hulishwa na presha hiyohiyo.
Ngazi zilishaanza kazi hiyo kabla ya kidonge. Misuli ya miguu ikifanya kazi mishipa yake hufunguka, inadai damu ambayo mlango hauwezi kuitoa.

Shangazi: Basi na mimi nina lawama. Nilikuwa namhimiza kila siku atembee haraka, apande ngazi, moyo upate mazoezi.

Salma: Kwa wengi ni ushauri mzuri, Shangazi. Ila mwenye vali kali ambayo imeshatoa dalili, hapana. Dalili zenyewe ni pumzi kukata, kifua kubana, na kuzimia au kuona giza wakati wa kujitutumua. Hatua za taratibu kwenye tambarare, huku anaongea bila kutweta, ndiyo basi, mpaka daktari wa moyo aseme vingine. Asibebe ndoo, asisukume gari, asikimbilie chochote.

Idi: Dada, kuna jambo. Baba ananunua diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti. Aliniambia nisiseme.

Salma: Umefanya vizuri kusema. Dawa hizo, na ibuprofeni pia, huzuia chumvi na maji kutoka mwilini. Zinapingana na dawa yake ya kukojoza na zinaumiza figo. Ndiyo maana miguu imemvimba wiki hii!

Mama: Mimi nilipoona miguu nikataka kumwongezea ya kukojoza.

Salma: Usiongeze, Mama, wala usipunguze. Akikaukiwa maji moyo haujai vizuri, na presha inashuka vilevile. Mpime uzito kila asubuhi kabla hajala. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, au akiharisha au kutapika, nipigie.
Akizimia tena: mlalisheni chali, inueni miguu, piteni moja kwa moja hospitali. Hakuna kidonge cha mtu mwingine.
Ba'mdogo, na wewe zipo dawa zisizokutana kabisa na kidonge chako. Nakupigia pembeni.

Baba Mdogo: Sawa mwanangu. Nasubiri.

Shangazi: Lakini dawa ya kuilainisha hiyo vali hakuna?

Salma: Hakuna, Shangazi. Dawa zinapunguza adha tu. Dalili zikishatokea, vali isipobadilishwa miaka inayobaki kwa wengi ni michache. Baba anaogopa kupasuliwa kifua, lakini tangu 2002, daktari wa moyo Alain Cribier alipoanza kule Ufaransa, vali yaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja. Kama inamfaa Baba au la, ni vipimo vitakavyosema. Na akipasuliwa, akawekewa ya chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, kwa hiyo hilo la kujinunulia vidonge liishe kabisa.

Baba: Nimesoma yote. Hii ya leo si ya kwanza. Mwezi uliopita niliposema nimeteleza bafuni, sikuteleza.

Mama: Baba Salma!

Salma: Baba, ulikuwa unafanya nini kabla ya kuanguka?

Baba: Nilikuwa nimeinua ndoo. Nikaona giza.

Salma: Daktari wa moyo anapita saa 3 asubuhi. Nitakuwepo. Mwambie hivyohivyo ulivyoandika.

Baba: Nitamwambia. Na nitamwomba anipangie siku ya hiyo vali. Mdogo wangu usilie, ni wewe uliyenidaka kichwa kisigonge ngazi.