Mgombea mkali kaulizwa mawakala, kajibu "Mungu ndiye wakala wetu"!

Pilipili Mbichi

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinagongana kwenye simu. Ninayemsema mnamjua, jina la nini? Yule wa skafu ya chama shingoni hata jua la saa nane. Yule ambaye akishika maiki kuku wa mtaa wa tatu wanasusa kutaga. "Mkali wao." "Msema kweli." "Hapepesi macho."

Jana jioni kamchana mpinzani wake dakika 50 bila kunywa maji. Kamchana barabara, kamchana kisima, kamchana mpaka viatu. Watu juu ya mapaa, vumbi juu, vigelegele. Sawa, twende. Kafungua maswali. Kijana wa bodaboda, helmeti kwapani, kasimama kwa adabu zote: "Mheshimiwa, vituo vya kupigia kura vya kata hii tuna mawakala wangapi wa kutulindia kura mpaka leo?"

Mkali kameza mate. Kajifuta uso kwa skafu. Kaangalia mbinguni. Kasema: "Mungu ndiye wakala wetu."

Kisha kamrudishia DJ maiki, muziki ukapigwa!

Jamani! MUNGU NDIYE WAKALA WETU! Mungu anaombwa, haandikiwi barua ya utambulisho. Majina ya mawakala yanatakiwa yamfikie msimamizi wa uchaguzi kwa maandishi siku 7 kabla ya kupiga kura, kila jina na kituo chake. Baada ya hapo kiapo. Baada ya kiapo, barua mkononi. Kata yenye vituo 20 inataka watu 20, na wa akiba wanne watano, maana siku yenyewe mmoja ataugua na mwingine atazima simu. Hiyo ndiyo hesabu kijana aliyotaka kusikia. Kajibiwa kama kaomba dua ya mvua.

Mpinzani kumwita fisadi kwenye spika, hata kasuku anaweza. Mpinzani anakabiliwa saa 10 jioni kituo kinapofungwa na kura zinamwagwa mezani. Pale skafu haisaidii kitu.

Nimeshindwa kulala. "Mungu ndiye wakala wetu." Na kijana wa watu kabaki amesimama na helmeti yake.

Mzee wa Fomu

Mleta uzi una haki ya kuwaka, ila umeruka kitu muhimu, ngoja nikikazie.

Kura za ubunge zikihesabiwa kituoni, matokeo yanaandikwa kwenye fomu 21B. Urais 21A, udiwani 21C. Wakala anasaini na kupewa nakala. Nakala ile ndiyo mali. Mgombea akitaka kwenda Mahakama Kuu kupinga matokeo ya ubunge ana siku 30 tangu yatangazwe, na jaji hataki kujua ulikuwa mkali kiasi gani jukwaani. Anataka 21B ya kituo fulani inasema kura ngapi, na jumla ya jimbo inasema ngapi. Huna nakala, umekwenda kusimulia hadithi.

Na wakala hatoshi kuwa mwili tu juu ya kiti. Kabla ya kura ya kwanza aone sanduku likiwa tupu na aandike namba za lakiri zinazolifunga. Jioni asisaini kabla hajajumlisha: kura za wagombea wote, ongeza zilizokataliwa, mpaka zilingane na karatasi zilizotoka sandukuni. Wengi wanasaini kwanza wakiwa na njaa, kisha wanakuja kulalamika kwa mjumbe.

Dada Mkavu

Pilipili wewe si ndiye uliyemsifia wiki iliyopita humu humu? "Chuma cha pua." "Hana mpinzani." Ulishangilia dakika 50 za matusi, swali moja la hesabu likakuvua nguo pamoja naye. Mgombea kakupa ulichokuwa unakipenda. Pambana na hali yako.

Pilipili Mbichi

Dada Mkavu, nilimsifia kwa kusema, na kusema anajua. Lakini "MUNGU NDIYE WAKALA WETU"? Kajifuta uso KWA SKAFU YA CHAMA!

Konda Mstaafu

😂😂 Kijana wa boda apewe jimbo.

Chumvi ya Mawe

Mnalia mawakala, mwenzenu wa jimbo la pili hata kwenye karatasi ya kura hayumo. Naye mkali hivyo hivyo. Siku ya kurudisha fomu kafika na matarumbeta, pikipiki kama nyuki, fomu hajaisoma. Mgombea ubunge anahitaji wadhamini 25 ambao ni wapiga kura walioandikishwa ndani ya jimbo hilo hilo. Yeye kapeleka 25 kamili, roho safi. Wawili kadi zao za jimbo jirani, mmoja namba ya kadi imekosewa. Wamebaki 22. Dhamana ya shilingi 50,000 kalipa, risiti anayo, anaipunga kama bendera. Pingamizi likaingia siku ya pili kabla ya saa 10 jioni, likakubaliwa.

Udhamini unatafutiwa watu 40, unawahakiki mmoja mmoja na kadi mkononi, unachagua 25 wasafi. Kazi ya siku mbili kwa katibu kata mwenye akili. Yeye siku hizo mbili alikuwa anarekodi klipu za kumtukana mpinzani. Mpinzani hakujibu hata klipu moja. Alikaa akahesabu kadi.

Mzee wa Fomu

Chumvi hapo umegusa penyewe. Na tamko la mgombea mbele ya hakimu, la kwamba ana sifa, wanalisahau. Anakimbilia mahakamani asubuhi ya siku ya mwisho, anakuta hakimu yuko kwenye kesi.

Jogoo wa Shamba

Acheni kuwasema wakali. Bila wakali nchi hii tungekuwa tunasinzia. Mrema akigombea urais 1995 mnamkumbuka? Gari linasukumwa na watu, injini imezimwa! Lissu akigombea urais 2020 kasimamishwa kampeni siku 7 kwa maneno yake, karudi jukwaani na maneno yale yale. Huo ndio ugombea.

Mzee wa Fomu

Mrema 1995 alipata asilimia 27.77 na Mkapa 61.82. Umati wa kusukuma gari na umati wa kwenye daftari la wapiga kura havifanani. Wasukumaji wengine wanatoka jimbo la mbali, wengine hawajaandikishwa, wengine hawajafika miaka 18. Mkali anahesabu vichwa uwanjani, mwenzake anahesabu majina yaliyobandikwa ukutani kituo kwa kituo.

Jogoo wa Shamba

Mzee, 1995 uchaguzi wa Dar es Salaam ulifutwa ukarudiwa Novemba, hilo umelikalia kimya. Na mwaka uliofuata Mrema kachukua ubunge wa Temeke kwenye uchaguzi mdogo. Usichague namba zinazokupendeza.

Mzee wa Fomu

Temeke aliichukua, sikatai.

Mwana wa Likoni

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasoma kutoka Mombasa, Kenya, nashika kichwa. Huku kwetu mgombea akisema "Mungu ndiye wakala wetu" watu wanamwitikia amina, halafu wanamuuliza 34A ziko wapi. Matokeo ya urais kila kituo yanajazwa Fomu 34A na kubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na picha za 34A zikawekwa mtandaoni, mtu yeyote ajumlishe mwenyewe na kalkuleta yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya fomu na namna matokeo yalivyosafirishwa. Hakuna aliyeulizwa nani alinguruma zaidi Uhuru Park.

Malalamiko yangu ni mengine. Wetu wana fomu na bado wanatukanana mpaka mama zao.

Jogoo wa Shamba

Likoni, kwenu matokeo ya rais yanapelekwa mahakamani ndani ya siku 7. Kwetu rais akishatangazwa na Tume, katiba ibara ya 41(7) inafunga mlango, hakuna mahakama ya kuyachunguza. Sasa hiyo fomu 21A ukaipeleke wapi, uifungie maandazi? Ndiyo maana tunataka watu wa kupaza sauti!

Chumvi ya Mawe

Ya rais, ndiyo. Uzi huu ni wa mbunge, na mlango wa mbunge uko wazi. Usichanganye madawa.

Dada Mkavu

Na kuna hawa wakali wanaochana wanawake tu. Mpinzani mwanamume anaulizwa barabara, mpinzani mwanamke anaulizwa ndoa. Huo si ukali, ni woga uliovaa suruali. Mama akisimama na kumjibu kwa takwimu za zahanati, mkali anahama mada anaimba.

Pilipili Mbichi

Naunga mkono, LAKINI turudi kwenye uzi. Kaulizwa WANGAPI. Hata angesema "watatu" ningelala. Hata "bado tunatafuta". Kasema Mungu!

Fundi Maiki

Nichomekee langu, maana huo mkutano uliharibika kabla ya hilo swali. Nani alipanga spika zile? Spika mbili zimesimama nyuma ya mgombea, maiki inatazamana nazo, kila akipandisha sauti mluzi unapasua masikio. Mnadhani alikuwa anapaza sauti kwa hasira? Alikuwa anashindana na mluzi. Spika zinatangulia mbele ya jukwaa, pembeni kushoto na kulia, zinatazama watu, mgombea anakaa nyuma yake. Maiki vidole viwili kutoka mdomoni, asiifunike kichwa kwa kiganja kama mwimba singeli. Jenereta liko mita tano upande upepo unakotoka, moshi wote jukwaani, ngurumo yote ndani ya maiki. Lisogezwe mita 30 upande upepo unakoelekea, waya mnene, usikunjwe kama koili la mbu maana unapata moto.

Mtu anayeongea taratibu kwenye spika zilizopangwa vizuri anamfunika huyo mkali wenu saa mbili za kwanza.

Konda Mstaafu

Fundi waya wa milimita ngapi kwa mita 30?

Fundi Maiki

Spika mbili na mikisa, 2.5 inatosha. Ukiongeza baa za taa nenda 4.

Chumvi ya Mawe

Taa za nini? Mkutano wa kampeni mwisho saa 12 jioni.

Fundi Maiki

Muulize aliyezifunga jana. Zimewaka saa 9 mchana, juani, jenereta linakoroma, petroli inakwenda. Na mafundi jukwaa wanadai bado. Mbao 40 za kukodi, siku mbili, hawajalipwa.

Dada Mkavu

Kumbe hata jukwaa la ukali ni la mkopo! Na waliokaanga mihogo ya wapambe nao wanadai, muulizeni mama wa pale kona.

Konda Mstaafu

Boda waliahidiwa lita mbili kila mmoja kwa msafara, wakapewa lita moja. Wengine zimewaishia daraja la kwanza wakasukuma mpaka uwanjani.

Mwana wa Likoni

Hata huku! Wanatiliwa ya kwenda, ya kurudi wanaambiwa "tutaongea".

Pilipili Mbichi

Jamani uzi wangu ni wa MAWAKALA. Zimebaki siku 9 kufika kura, toa 7, tuna siku MBILI za kupeleka majina. Nani ana namba ya katibu kata?

Konda Mstaafu

Kwa hiyo Fundi, petroli ya hizo taa nani kalipa?

Fundi Maiki

Ndiyo hiyo lita moja iliyopungua kwa boda.