Tupeane uzoefu: majina yetu na uchunguzi wa abiria katika safari za Marekani

Ndugu zangu, hasa mnaosafiri kwenda Marekani, naomba tupeane uzoefu kuhusu uchunguzi wa abiria unaofanywa kabla hata hatujafika uwanjani. Kwa utaratibu wa Secure Flight, shirika la ndege hupeleka serikalini jina kamili la msafiri, tarehe yake ya kuzaliwa na jinsia, vikalinganishwa na orodha za washukiwa. Binafsi sipingi kukaguliwa. Kinachoniumiza ni kutiliwa shaka bila kuelezwa sababu: pasi yangu ya kupandia ndege ilitoka na herufi SSSS, alama ya abiria aliyechaguliwa kukaguliwa zaidi, nikatolewa kwenye foleni mbele ya wanangu, nikapanguswa viganja kwa kitambaa cha kupimia baruti, begi likamwagwa mezani hadi nguo za ndani, na nilipouliza kulikoni nikajibiwa kwamba mashine ndiyo iliyochagua.

Mtoto_wa_Tanga: Pole sana, mleta mada. Sisi akina Mohamed, Ali na Salim tunafanana majina kwa maelfu, mpaka la baba na la babu. Hata Seneta Edward Kennedy alieleza mwaka 2004 kwamba alizuiwa mara kadhaa kwa jina kufanana na la mshukiwa. Lakini yeye aliweza kumfikia waziri wa usalama wa ndani mwenyewe, sisi hatuwezi. Peleka maombi DHS TRIP, utaratibu wa wizara ya usalama wa ndani ya Marekani wa kushughulikia malalamiko ya wasafiri, upewe namba ya kujaza kila unapokata tiketi. Mimi usumbufu ulipungua, ingawa barua yao haikusema kama niliwahi kuwamo orodhani au la.

Bi_Mkubwa: Wanangu, nilikuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, na vioo vya ofisi yetu vilituangukia. Tangu hapo nikiulizwa tarehe ya kuzaliwa naitoa kwa moyo mweupe. Hata hivyo, kuchunguzwa ni jambo moja na taarifa zangu kugawiwa ni jingine: mwaka 2002 shirika la ndege la Marekani JetBlue lilitoa kumbukumbu zipatazo milioni 5 za abiria wake kwa kampuni yenye mkataba na jeshi, na abiria wenyewe hawakujua hadi mwaka uliofuata. Hilo silikubali.

Mleta mada: Ahsante, mama. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake. Aliyewahi kuliandikia shirika la ndege kwa haki hiyo, tafadhali atueleze alijibiwa nini.