WPA2, WPA3 au mchanganyiko: ruta niiweke wapi?

Kipanga77
Wakuu, habari za jioni. Kwenye mipangilio ya ruta nimekuta njia tatu za kulinda Wi-Fi: WPA2, WPA3 na ya mchanganyiko. Nina simu 4, kompyuta 2 na printa ya zamani. La pili, kijana akianza kupandisha video, mkutano wangu unaganda. Naona kipengele cha QoS (cha kupanga nani apewe kipaumbele cha intaneti), sijakigusa.

Mzee wa Kebo
Weka mchanganyiko, yaishe. Vifaa vipya vitaingia kwa WPA3, printa kwa WPA2.

BintiSwichi
Shikamoo Mzee, ila hapo sikubaliani nawe. Nenosiri ni lile lile kwa njia zote mbili. Mtu akinasa mawasiliano ya WPA2 pale printa inapojiunga, anaondoka nayo na kubahatisha nenosiri usiku kucha bila ruta kujua. WPA3 ya mwaka 2018 ilikuja kuziba tundu hilo: kila jaribio lazima lipite kwa ruta yenyewe. Mimi mtandao mkuu ni WPA3 tupu, printa iko kwenye mtandao wa wageni, WPA2, nenosiri lake.

Mzee wa Kebo
Marahaba binti. Na unachapaje? Wageni hawaoni mtandao mkuu.

BintiSwichi
Hapo umenishika 😅 Nahamisha kompyuta kwa wageni, nachapa, narudi. Na ilibidi nizime kile kizuizi kinachofanya vifaa vya humo visionane. Usumbufu upo, sikatai.

Mzee wa Kebo
Basi asiyetaka kuhamahama abaki na mchanganyiko, ila nenosiri liwe refu. WPA2 inakubali hadi herufi 63. Maneno sita yaliyookotwa ovyo, yasiyohusiana, si jina la mtoto na mwaka wake. Abahatishe huyo mpaka achoke.

BintiSwichi
Hilo nakubali.

Chaneli_11
Vyovyote mtakavyochagua, zimeni WPS ya PIN, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba badala ya nenosiri. Tarakimu ni 8, lakini ruta huzikagua nusu kwa nusu na ya mwisho ni ya uhakiki tu, kwa hiyo majaribio hayazidi 11,000. Kuficha jina la mtandao na kuchuja anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) ni kujichosha. Anwani hizo zinapita hewani wazi.

FoleniNdefu
Mmemsahau na mkutano wake. Kipanga, usikimbilie kuipa kompyuta yako kipaumbele. Video inajaza foleni ndani ya modemu, na huko ruta haina usemi. Pima kasi ya kupandisha wakati hakuna anayetumia. Ikiwa 10 Mbps, weka kikomo cha 9 kwenye ruta. Foleni itahamia kwenye ruta, na hapo ndipo inaweza kupangwa. Ukiona SQM (ruta inapanga foleni yenyewe) yenye CAKE au fq_codel, ambazo ni mbinu za kupanga foleni hiyo, chukua hiyo, achana na QoS ya kupanga kifaa kimoja kimoja. Na WMM (kipaumbele cha sauti na video ndani ya Wi-Fi) usiizime hata ukisikia inapunguza kasi. Bila hiyo vifaa vya 802.11n (Wi-Fi 4) na vya baadaye hurudi kwenye 54 Mbps.

Kipanga77
Mrejesho. SQM ipo, nimeweka 9. Kijana anapandisha, mimi naongea, sauti haikatiki. WPA3 tupu: simu tatu zimeingia, ya nne, ya mama watoto, imekataa katakata. Nimeipeleka kwa wageni, ikakae na printa. Mwenyewe bado sijamwambia.