Bustani ya burudani ufukweni: mtaa wake wa maduka na migahawa tuupangeje upya?

Ufukwe_Ilemela (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaoelewa usanifu wa majengo, mipango miji au biashara ya chakula, hasa waliowahi kufuatilia jinsi bustani kubwa za burudani za nje zinavyoendesha maeneo yake ya biashara.

Mimi ni mmoja wa wanahisa wa bustani ya michezo ya familia iliyo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Tuna bwawa la kuogelea, bembea, treni ndogo ya watoto, vyumba vichache vya wageni, na safu ya maduka na migahawa iliyojengwa kidogo kidogo, kila mpangaji akiezeka kadiri ya uwezo wake. Safu hiyo imo ndani ya geti, kwa hiyo hata mtu anayetaka kula sato na kuondoka hulazimika kwanza kulipa kiingilio cha bustani nzima. Idi na Krismasi hakuna pa kukanyaga, lakini siku za kazi jioni wapangaji hukaa wakitazamana.

Sasa tumekubaliana kuijenga upya, ila hatujakubaliana namna. Wenzangu wengine wanataka jengo moja la ghorofa lenye viyoyozi, mfano wa Rock City Mall, lile jengo kubwa la maduka hapa Mwanza. Wengine wanasema tupake rangi, tuweke taa, yaishe. Mimi nimesoma habari za Disney Springs ya Florida, Marekani, mtaa wa maduka na migahawa wa kampuni ya Disney uliopangwa upya kabisa, na ninauliza mambo mawili. Ni nini hasa kilichobadilishwa kule, na katika hayo ni kipi kinachoweza kufaa Mwanza? Na je, wakati wa ujenzi tufunge kila kitu au tuendelee na biashara?

Rula_na_Ramani

Mleta mada, umeuliza jambo zuri, na jibu lake linaanzia mbali kidogo. Eneo hilo lilifunguliwa Machi 1975 likiitwa Lake Buena Vista Shopping Village, kijiji cha maduka kando ya maji. Mwaka 1989 ikaongezwa Pleasure Island, kisiwa cha kumbi za usiku. Mwaka 1997 ukafunguliwa upande wa magharibi, na eneo lote likapewa jina la Downtown Disney. Ukiitazama historia hiyo utaiona safu yenu: sehemu tatu zilizojengwa katika nyakati tatu, kila moja na sura yake, na mgeni akitoka moja kwenda nyingine anapita kwenye mapengo yasiyo na chochote.

Pleasure Island ndiyo ningependa muitazame kwa makini. Kwa miaka mingi mtu alilipa kiingilio jioni ndipo aingie kisiwani. Kwa kuwa kisiwa hicho kilikaa katikati, kiliukata mtaa vipande viwili. Malipo ya kupita tu yaliondolewa mwaka 2004, kumbi zenyewe zikafungwa Septemba 2008, na sehemu kubwa ya pale katikati ikakaa miaka kadhaa bila kazi ya maana. Mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa kuifufua kwa jina la Hyperion Wharf, nao ukaachwa. Mpango wa Disney Springs ulitangazwa Machi 2013, jina likabadilishwa Septemba 2015, na sehemu mpya kubwa kuliko zote, Town Center, ikafunguliwa Mei 2016. Maduka na migahawa yaliongezeka kutoka takriban 75 hadi zaidi ya 150.

Watu husimulia maduka, lakini mimi naona kazi kubwa ilifanyika kabla mgeni hajafika dukani. Zamani foleni ya magari na ugomvi wa maegesho ndivyo vilivyowachosha watu. Kwa hiyo yalijengwa maegesho ya ghorofa yenye taa juu ya kila nafasi, zinazomwonyesha dereva palipo wazi; ikachongwa njia ya kutoka barabara kuu moja kwa moja hadi kwenye maegesho; yakawekwa madaraja ya waenda kwa miguu juu ya barabara, na mabasi yakapewa njia yao. Kuingia ni bure, na kuegesha gari ni bure hadi leo. Kampuni inayotoza fedha nyingi langoni mwa bustani zake imeona faida kuuacha mtaa wake wa maduka bila lango.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: lisogezeni geti. Kiingilio kianzie kwenye bwawa na bembea. Mtaa wa chakula na maduka ukae upande wa mjini, wazi kwa kila mtu. Mteja wa Jumanne jioni ni mtu wa Pasiansi au Kirumba aliyetoka kazini, wala hana haja ya bembea.

Kuhusu kufunga: msifunge. Disney Springs ilijengwa kwa awamu huku biashara zikiendelea. Mfano wa kinyume upo Anaheim, California. Mwaka 2018 baadhi ya wapangaji wa Downtown Disney ya huko, mtaa mwingine wa kampuni hiyohiyo, ukiwemo ukumbi wa sinema, walifungiwa ili ijengwe hoteli. Kisha ukazuka mvutano kati ya Disney na mji kuhusu nafuu ya kodi, mradi wa hoteli ukafutwa, na baadhi ya majengo yakabaki matupu ilhali wapangaji wake walikuwa wamekwisha kuondolewa. Msimwondoe mpangaji kabla kibali na fedha havijawa mkononi.

MamaSangara

Kaka yangu Rula ameeleza vizuri, lakini hao wa Florida hawachomi samaki kwa mkaa mbele ya mteja. Mimi nimo katika biashara ya chakula hapa Mwanza, na naomba mleta mada awapelekee wenzake haya kabla hawajamlipa mchoraji.

La kwanza ni upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukiweka majiko ya kuchomea kwenye ukingo wa maji kwa sababu panapendeza, alasiri yote moshi utawaingia waliokaa nyuma yake, pamoja na maduka ya nguo na vitenge, na hakuna mteja atakayenunua gauni linalonuka sangara. Ukiyaweka nyuma kabisa, usiku moshi utawarudia walioketi ufukweni. Majiko yakae ubavuni, kwenye ncha moja ya mtaa, chini ya paa la juu lenye bomba la kutolea moshi, na meza zienee kuelekea upande wa pili. Jengo la viyoyozi wanalolitaka wenzako lina taabu hiyohiyo, isipokuwa humo moshi hauna hata pa kutokea.

La pili ni samaki mwenyewe. Mteja wa Mwanza hachagui chakula kwenye karatasi. Anataka kumwona sato, kumgeuza, kutazama macho na mashavu, ndipo akubaliane bei. Wekeni meza ya samaki yenye barafu, maji yanayotiririka na mfereji wa kuondoa uchafu, mahali mteja anapopita kabla ya kuketi. Hilo ni duka na ni burudani kwa mgeni kutoka Dodoma au Nairobi. Lakini sehemu ya kuparia magamba iwe mbali na macho na pua zake.

La tatu ni taa. Kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama wingu, hasa mwezi unapoandama. Taa nyeupe kali huwavuta hadi kwenye sahani. Tumieni taa za rangi ya manjano karibu na meza, na zile kali ziwe mbali, kwenye maegesho.

La mwisho, kodi. Mkijenga vizuri mtapandisha kodi, mama lishe ataondoka, na nafasi yake itachukuliwa na mgahawa wa chipsi ambao mtu angeupata popote mjini. Tengeni vibanda vidogo vya kodi nafuu kwa wapishi wa hapa, na mwandike hivyo kwenye mkataba.

Mhandisi_wa_Mwalo

Nakubaliana na waliotangulia, lakini kuna neno moja ambalo halijatajwa, nalo linaweza kuufuta mchoro mzima. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, pale ambapo shughuli hizo zinaweza kuhatarisha mazingira. Jengo la ghorofa la kundi la kwanza, likikaa pale safu ilipo sasa, sidhani kama litapata kibali. Onaneni na NEMC, baraza la taifa linalosimamia mazingira, mapema, mkiwa na mchoro wa penseli, kabla ya ule wa rangi.

Hata bila sheria, ziwa lenyewe haliko mahali pamoja. Mwaka 1964 maji yalipanda sana. Mwaka 2020 yakakifikia tena kiwango kile, na hoteli nyingi za ufukweni zikapoteza bustani na ngazi zake. Mei 2024 yakakipita. Anayepima ukingo leo na kuuita mpaka anajidanganya. Pimeni kutoka alama ya juu kabisa ya maji, kisha ndani ya ukanda huo wekeni vitu vinavyoweza kuhamishwa au kulowa bila hasara: viti vya mbao, njia ya mawe yaliyopangwa bila zege, miti, jukwaa la ngoma lisilo na kuta. Vyoo na mashimo ya maji taka vikae juu kabisa, karibu na barabara.

Msiwaache watoto wakakanyaga maji ya kina kifupi yenye majani, kwa sababu kichocho kipo katika fukwe zetu. Njia ya mbao iliyoinuliwa yenye ukingo itawapa mandhari ya maji bila kuyagusa.

Na jua. Ufukwe wenu, kama ninavyouelewa, unatazama magharibi. Machweo yatawaletea wateja, lakini kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jua hupiga usoni na hakuna atakayekaa. Pandeni miti sasa, kabla ya kujenga. Kivuli cha mti hakinunuliki kwa mkandarasi.

Ufukwe_Ilemela (mleta mada)

Nawashukuru sana, hasa dada MamaSangara, kwa sababu habari ya upepo haikuwahi kutajwa katika kikao chetu hata kimoja. Nimebakiwa na swali la sura. Mwenzetu mmoja amependekeza tujenge miamba ya saruji na kijiji cha kale cha wavuvi, kwa kuwa amesoma kwamba Disney Springs ina hadithi yake. Je, hilo lina maana?

Rula_na_Ramani

Hadithi ipo kweli. Wasanifu walijitungia mji mdogo wa Florida uliokua kuzunguka chemchemi, wakaupa majengo yanayoonekana ya nyakati tofauti, ili zile sehemu zilizojengwa bila mpango ziwe na sababu ya kutofanana. Hata chemchemi yenyewe imetengenezwa. Ilikuwa kazi ya akili, kwa maana hadithi iliokoa majengo ambayo yasingebomolewa. Lakini wao walitunga kwa kuwa walijenga mahali pasipokuwa na mji.

Ufaransa walikwenda njia nyingine. Mwaka 1992, bustani ya Disney iliyo jirani na Paris ilipofunguliwa, mtaa wake wa burudani ulioitwa Festival Disney ulichorwa na msanifu mashuhuri Frank Gehry, ukiwa na nguzo kubwa za chuma zinazong'aa. Ulikuwa ubunifu mkubwa, ila haukufanana na chochote kilichouzunguka, na tangu hapo umekuwa ukirekebishwa kipande kwa kipande chini ya jina la Disney Village. Kilichousaidia, nadhani, ni kituo cha treni kilicho jirani kabisa. Watu wanapita hata wasipokusudia kununua.

Mwanza kujenga mwamba wa saruji ni kichekesho. Mji mzima umekaa juu ya miamba, na Jiwe la Bismarck linaonekana na kila anayesubiri kivuko cha Kamanga. Kama kuna jiwe kwenye kiwanja chenu, mchoraji alizunguke, asilipasue.

Mhandisi_wa_Mwalo

Na kijiji cha kale cha wavuvi cha nini, ilhali wavuvi wapo? Pale Mwaloni Kirumba dagaa wanauzwa kwa magunia. Ukitaka sura ya uvuvi, mwite fundi wa mitumbwi afanye kazi yake mbele ya watu na mlipeni, na jengeni gati dogo ambapo mtumbwi wenye samaki wa MamaSangara utafunga asubuhi. Hilo litahitaji ruhusa na usafi wa hali ya juu, lakini halitapitwa na wakati kama rangi ya ukutani.

MamaSangara

Mtumbwi ufunge, ila usiku kabla ya saa kumi na moja alfajiri asiingie mtu pale na samaki, maana mzani na barafu vinahitaji mwangalizi. Na mleta mada, kabla hujalisogeza hilo geti, waulize wapangaji wako wa sasa kila mmoja anauza kiasi gani siku isiyo ya sikukuu. Ukienda kwenye kikao na hesabu hiyo, kundi la rangi na kundi la ghorofa wote watakusikiliza.

Ufukwe_Ilemela (mleta mada)

Nitaanza na hesabu hiyo wiki hii. Mchoro wa kwanza utakuwa na geti lililosogezwa, majiko ubavuni, na ukanda wa mita 60 usio na zege. Nitauweka hapa muukosoe kabla haujapelekwa kwa wanahisa.