Dodoma: Nyumba za zamani Uhindini zinabomolewa, eti si za kihistoria kwa sababu hazikujengwa kabla ya mwaka 1863!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nalileta hili jukwaani.

Jirani yetu hapa Uhindini kauza nyumba. Ni haki yake, sina ugomvi naye. Aliyenunua kaleta katapila usiku, na hadi kunakucha nyumba yote ilikuwa kifusi: duka la mbele, kibaraza cha barabarani, vyumba vilivyozunguka ua. Ukuta tunaopakana umepasuka kuanzia msingi hadi kwenye linta, mkono wa mtoto unapita.

Nikaenda ofisi inayoshughulika na vibali. Afisa ananijibu huku anachezea simu: mwenye kiwanja ana hati, ana kibali cha ghorofa sita, na jengo lile si la kihistoria kisheria.

Basi nikaitafuta hiyo sheria nikaisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jamani, 1863! Mji huu wa maduka na stesheni umeletwa na reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Hakuna duka hata moja hapa mjini linaloweza kutimiza sharti hilo, wala stesheni yenyewe. Linalobaki ni Waziri alitangaze jengo kwa jina. Sasa nani wa kumpelekea orodha, wakati wanaotoa vibali ndio hao wanaosema hakuna cha kuhifadhi?

Kinachoniuma zaidi ni mlango. Ile nyumba ilikuwa na mlango wa mbao uliochongwa, maua yamepanda miimo yote miwili hadi juu, na wazee wa mtaa wanasema wameukuta tangu utoto wao, kabla ya vita vya pili. Sheria hiyohiyo inaitaja milango ya mbao iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya 1940 kuwa ni vitu vya kulindwa. Nimeushuhudia kwa macho yangu ukipakiwa kwenye Canter pamoja na mabati chakavu. Nilipomuuliza yule afisa, akasema hilo si la idara yake.

Na msije mkaniambia napinga maendeleo. Ardhi ya kujenga ipo Mtumba, ipo Iyumbu, ipo Nala, watu wapandishe ghorofa ishirini huko nani atawazuia? Mitaa ya zamani ya Uhindini na Madukani unaimaliza kwa miguu asubuhi moja. Tangu 1973 ilipoamuliwa makao makuu yaje hapa, wataalamu wa mipango miji wanaitazama Dodoma kama pori lililokuwa halina mtu. CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikavunjwa 2017, mambo ya ardhi yakaenda kwa halmashauri, mtazamo ukabaki uleule.

Zanzibar wana mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985. Kule ukitaka kubadilisha hata dirisha unaomba kibali, na bado watu wanaishi na biashara zinakwenda. Mkoani kwetu hapahapa michoro ya miambani ya Kondoa imeingia urithi wa dunia mwaka 2006, kwa hiyo uwezo wa kuhifadhi tunao.

Ninachotaka: hilo sharti la mwaka 1863 lifutwe, jengo lipimwe kwa umri wake na mahali lilipo. Mitaa hiyo michache iwekewe kikomo cha ghorofa. Na majirani tupewe taarifa ya maandishi kabla ya kubomoa, siyo kuamshwa na katapila.

Mwenye kujua jengo lolote la Dodoma mjini lililotangazwa kwenye Gazeti la Serikali aweke hapa namba ya tangazo. Wanasheria, naombeni pia mnielekeze, huu ufa wa ukutani namdai nani: aliyebomoa au aliyempa kibali?