Naomba ushauri: mkunjo wa bluu kwenye modeli ya ndege ya rais wa Marekani

Wakuu, habari zenu. Natengeneza modeli ya plastiki ya SAM 26000, ile Boeing 707 iliyoanza kumbeba Rais Kennedy mwaka 1962. Rangi zake alizibuni Raymond Loewy, na kwangu mimi hakuna ndege ya serikali iliyopata kupendeza kama hii: mgongo mweupe, bluu za aina mbili, tumbo la alumini iliyong'arishwa, na jina la nchi kwa herufi kubwa zilizopeana nafasi.

Nimekwama puani. Pale bluu inapozunguka vioo vya rubani na kujikunja kuelekea ubavuni, rangi inapenya chini ya tepu, na nikiibandua naona ukingo una meno kama msumeno. Nimeshaifuta mara mbili, na sasa naogopa plastiki itachubuka. Je, nipulize kwanza nyeupe ileile juu ya ukingo wa tepu ili izibe nyufa, ndipo nije na bluu? Au niachane na rangi, nitumie stika kwa mkunjo wote?

Na tumbo je? Karatasi ya alumini inang'aa vizuri, ila inanitoka na mikunjo karibu na mabawa.

Nikimaliza nataka modeli ya pili, yenye ule mpango wa rangi wa bluu iliyokolea ulioonekana mwaka 2022 kuwa ungeongeza joto kwenye baadhi ya vifaa vya ndege mpya za rais. Lakini hii ya Loewy kwanza. Mwenye uzoefu anisaidie, tafadhali.